Kiu ya Arobaini na Moja

Marehemu Ambakisye, aliyenifundisha kazi,
aliokota maneno ya ufundi kwa wageni, kwa sikio tu.
Kila badiliko la taa aliliita kiu.
Kiu ya kwanza, pazia. Kiu ya pili, bluu ya usiku.
Miaka miwili nilidhani ni ile ya maji
na sikuona kosa lolote.
Jukwaa lenye giza nalo lina koo.

Saa nane usiku, Iyunga. Mwezi wa saba.
Ghala la zamani la kahawa, na baridi ya Mbeya
imeingia mpaka kwenye vitufe.
Nimevaa glavu nilizozikata ncha za vidole.
Kompyuta nimeifunika blanketi kama mgonjwa.
Chai imepoa sukari haijayeyuka.

Kiu ya kumi na nane: mfalme anaingia.
"Ikupa, simama pale penye utepe."
Ikupa anasimama. Kaajiriwa kwa ufagio,
lakini usiku wa majaribio yeye ndiye kila mtu:
mfalme, mke wa mfalme, mjumbe aliyechelewa,
na kwenye kiu ya thelathini, maiti.
Analala chali juu ya mbao, anapiga chafya.
Vumbi la maganda linapanda ndani ya mwale.
Mashine ya moshi ya nini?
Ghala hili bado linayakumbuka magunia yake.

Taa ya saba haisikii.
Naiambia kushoto, imekazia macho mabati.
Naiita ya kumi na mbili: zinageuka zote mbili.
Napanda ngazi, tochi mdomoni,
nakuta zimepewa anwani moja, tisini na saba,
kama mapacha waliobatizwa kwa haraka.
Naisogeza swichi ndogo kwa ukucha.
Nashuka. Naita tena.
Inaitika moja.

Treni ya Zambia inapita, paa linatetemeka,
na nuru yote inatetemeka nalo.
Naandika daftarini: kesho, tukifika kiu ya hamsini,
tuombe treni ichelewe.
Huwa inachelewa.

Sasa arobaini na moja. Alfajiri.
Mwongozaji ametaka rangi ya chungwa, sekunde kumi.
Nabonyeza. Chungwa linamwagika jukwaa zima.
Ikupa anajitazama mikono.
"Hii si asubuhi ya huku," anasema.
"Hii ni ya kalenda."

"Ya huku ikoje?"

Anafikiri, kajikunyata ndani ya kitenge.
"Kwanza unaona pumzi yako.
Halafu ndoo.
Halafu mlima."

Nimesoma vitabu vya taa, vinene,
vyenye michoro ya pembe na majedwali ya rangi.
Hakuna kilichoanza na pumzi.

Nafuta. Naandika upya:
weupe wa baridi, asilimia nne, kutoka nyuma,
kimo cha mdomo wa mtu aliyesimama.
Sekunde ishirini, bila haraka.
Kisha mwale mmoja wa chini, wa ubavuni, kwa ajili ya ndoo.
Ndoo haimo mchezoni. Ikupa anakwenda kuleta yake.
Mwisho, kitambaa cha nyuma: kijivu, kijivu,
kijivu chenye bluu kidogo pembeni,
Loleza akiamka kama mtu asiyedaiwa kitu.
Mwongozaji atalalamika. Alale kwanza.

"Tayari?"
Nabonyeza.

Giza. Giza bado.
Kisha kitu cheupe, kidogo, mbele ya uso wake,
kinatoka, kinapotea, kinatoka.
Kisha ukingo wa ndoo.
Nimesahau kuhesabu sekunde.
Mlima unaanza, bega la kulia kwanza,

na umeme unakatika.

Kimya cha feni zinazojizima moja moja.
Sijui kama nilihifadhi.
Napapasa blanketi, naona aibu kutukana.
Jenereta liko kwa Lugano, na Lugano amezima simu.

Huko mbele, gizani, sisikii hatua.
Ikupa hajatoka kwenye utepe wake.
Anapumua taratibu,
anangoja nimwambie
sasa yeye ni nani.